Wafu Wetu Wamebaki Beauvoir

Pointe-Ozite, 3 Oktoba 1965

Mwanangu Corinne,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku tunaendelea vizuri, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo tangu mvua zianze limekuwa na maneno mengi. Na wewe je, mzima? Unakula, au bado unaishi kwa chai na mkate mkavu kama mtawa aliyeadhibiwa?

Nakuandikia kwa sababu simu haifai tena. Laini ni moja kwa nyumba saba, na kila inapolia milio yetu, miwili mirefu na mmoja mfupi, nasikia shangazi yako Zélica akiinua ya kwake taratibu. Anadhani simsikii anavyopumua. Juzi nikamwambia, "Wifi, maadamu umeshainua, basi hata tusalimie." Akakata.

Viazi tumeshachimba. Baba yako mdogo Onésime amelitia bawaba mpya lile sanduku la kuni, kwa hiyo kifuniko sasa kinajifunga chenyewe. Amejisifu wiki nzima utadhani amejenga daraja.

Sasa nikuambie kilichonishikisha kalamu. Wagombea wanapita nyumba kwa nyumba, si unajua uchaguzi ni mwezi ujao. Mmoja wao alikaa hapa jikoni, akala keki yangu ya molasi vipande viwili, na alipokuwa anafuta mdomo akasema, "Mama, hii kura ya Beauvoir muifurahie, huenda ikawa ya mwisho kwenu." Nikamuuliza ana maana gani. Akaanza kuisifu keki upya.

Tangu hapo maneno yamezagaa. Wanasema Pointe-Ozite itakatwa kutoka jimbo la uchaguzi la Beauvoir na kubandikwa Hardcastle, kwa Waingereza wa ng'ambo ya msitu, ambako hatuna hata mtu wa kumwomba maji. Na wote wanajua wewe unachora ramani za tume ya mipaka huko Fredericton. Wananiuliza mimi. Nawajibu nini?

Tangu Kanada iungane mwaka wa 1867 sisi ni Beauvoir. Wanasiasa wameivuta hii Beauvoir huku na huku kama blanketi fupi. Marehemu babu yako alikuwa akisimulia walivyotunyang'anya Waairishi wa darajani kwa sababu walimnyima mtu fulani kura, kisha wakaturudishia walipowahitaji. Miaka zaidi ya sitini ilipita kabla hatujampeleka Ottawa mbunge anayeongea Kifaransa, lugha yetu. Wazee wetu walimwaga jasho kwa ajili ya jimbo hili, nasi hatutakubali vizazi vyetu vinyang'anywe sauti.

Basi niambie, mwanangu. Unachora nini huko?

Mama yako,
Exélia


Fredericton, 17 Oktoba 1965

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta nikiwa na afya, na nakula, usiwe na wasiwasi. Mwenye nyumba wangu anapika kondoo kila Jumapili mpaka nimeanza kumwonea huruma kondoo. Pole na goti. Nimekufungia chupa ya dawa ya kuchua; paka kabla ya kulala, halafu funga kitambaa cha sufu.

Mama, kuhusu ulichoniuliza, nilikula kiapo. Siwezi kusema ndiyo, siwezi kusema siyo, na tafadhali usianze kuusoma ukimya wangu. Nitakueleza yale tu ambayo yeyote anaweza kuyasoma. Zamani wabunge walijichorea mipaka wenyewe. Sheria mpya imewapokonya kalamu. Sasa kila mkoa una tume ya watu watatu, na wa kwetu mwenyekiti ni jaji. Wanachukua hesabu ya sensa, wanagawa watu ili kila jimbo lilingane na jingine, na wanaruhusiwa kuzidi au kupungukiwa robo, basi. Baada ya hapo wanatangaza, watu wanatoa maoni, Bunge linatazama. Mimi ni mkono tu. Napewa mstari, nauchora, naandika majina ya vijiji.

Sasa na mimi nikuulize. "Wazee wetu walimwaga jasho." "Vizazi vyetu." Mama, tangu lini ukaandika hivyo? Hata baba alipofariki hukuandika vizazi. Hayo ni maneno ya baba mdogo Onésime, na naapa namwona amesimama nyuma ya kiti chako na kiko chake mdomoni, anakuamrisha uandike nini. Kama ana swali kwa tume, aiandikie tume. Barua zako nataka ziwe zako.

Msalimie shangazi Zélica. Si lazima umpigie, atakuwa ameshasikia.

Mwanao,
Corinne


Pointe-Ozite, 28 Novemba 1965

Corinne,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima. Dawa ilifika, asante.

Onésime alikuwepo siku ile, ndiyo, lakini kalamu niliishika mimi. Hebu tuyaache hayo, maana yametokea makubwa.

Gazeti limetoka na ramani. Onésime alilileta dukani, akalitandaza juu ya pipa la samaki wa heringi, watu wakajaa. Ni kweli tumekatwa. Mstari unakuja na kijito, unapita nyuma ya kanisa, halafu unageuka kwenda barabarani. Kanisa, duka, shule na nyumba zote ziko Hardcastle. Makaburi, kwa vile yako ng'ambo ya kijito, yamebaki Beauvoir. Yaani baba yako amelala Beauvoir, na mimi mjane wake, nyumba ileile aliyonijengea, niko Hardcastle. Wafu wetu wamebaki na jimbo lao, sisi tulio hai ndio tumehamishwa. Hata Wamikmaki, wenyeji wa asili wa mdomo wa mto, ambao wamepewa kura juzi tu mwaka wa sitini, wamegawanywa vilevile.

Lakini hilo silo lililonilaza macho. Zélica alivaa miwani, akainama juu ya gazeti, akasema, "Jamani, huu mwandiko si tunaujua?"

Nikasema, "Mwandiko gani? Hizo ni herufi za mtambo."

"Mtambo haukunji mkia wa P namna hii," akasema. "Tazameni Pointe-Ozite hapo. Tazameni hiyo P, kisha nendeni mkatazame ubao wa pango la Noeli kanisani. Ni Corinne huyu."

Watu wakainama mmoja mmoja, na kila aliyeinuka alinitazama mimi. Nami niliinama, mwanangu. Mkia wa P umejikunja kama ulivyokuwa ukiukunja tangu darasa la masista.

Toka siku hiyo nikiingia dukani mazungumzo yanageuka kuwa ya hali ya hewa. Wameunda kamati ya kupinga, Onésime ndiye mwenyekiti. Mimi sikuitwa. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Shemeji, si kwamba hatukuamini. Ila una barua na huko." Nikamwambia, "Mbona ulipotaka barua iandikwe ulijua njia ya jikoni kwangu?" Akawasha kiko.

Nijibu jambo moja tu, usinizungushie sheria. Ulichora wewe?

Mama yako


Fredericton, 12 Desemba 1965

Mama,

Shikamoo. Natumai theluji haijakuzuia kwenda misa.

Nilichora mimi. Sikuamua mimi.

Beauvoir imejaa, Hardcastle imekauka, vijana wao wamekimbilia viwanda vya Ontario. Kwa hesabu ilikuwa lazima kipande fulani kihame, na watu watatu walikaa mezani wakasema kipande ni hiki. Niliposikia jina la kwetu nilitoka nikaenda kunawa uso. Kisha nikarudi nikauchora vizuri, kwa sababu kama ningeuchora vibaya angepewa mwingine, na huyo mwingine hajui hata kwamba pale pana kijito. Wao walikuwa wamepitisha mstari wao katikati ya kijiji. Zaidi ya hapo siwezi kusema, na hata hili nimeshavuka mpaka.

Noeli hii sitakuja. Mwenyekiti amekataza mtu yeyote wa ofisi kukanyaga sehemu iliyo kwenye mgogoro mpaka ramani ipite Bungeni. Atakayekanyaga anafukuzwa, na kazi aliyoifanya inafutwa yote, ianze upya kwa mikono mingine. Ikishapita nitakuwa huru, nitakuja hata kwa miguu.

Usiniache bila barua, mama. Hapa Fredericton napitisha siku nzima bila kusikia mtu akiniita kwa lugha yetu.

Mwanao,
Corinne


Fredericton, 23 Januari 1966

Mama,

Shikamoo. Noeli imepita, Mwaka Mpya umepita, na sijapata neno lako hata moja. Nilijiambia ni theluji. Sasa naona ni jambo jingine.

Wiki iliyopita tume ilikwenda kusikiliza maoni mjini Beauvoir. Mimi niliachwa, nikaletewa kumbukumbu nizipige chapa. Nikafika kwenye maneno ya baba mdogo Onésime. Amesema hivi, neno kwa neno: "Waheshimiwa, binti yetu anayefanya kazi kwenu ametuandikia kwamba mnaruhusiwa kuzidi au kupungukiwa robo. Basi tuacheni tulipo, Beauvoir izidi."

Niliyapiga chapa maneno hayo kwa vidole vyangu mwenyewe. Jioni jaji aliniita. Hakupaza sauti, na hilo ndilo baya zaidi. Aliniuliza, "Bi Haché, unaandikiana na nani?" Nikasema naandikiana na mama yangu. Akasema, "Na mama yako anaandikiana na nani?" Amenipa onyo la kwanza, na ameshasema la pili halitakuwa onyo.

Nilikuandikia wewe, mama, sikumwandikia Onésime. Nani alimpa barua yangu? Uliisoma kwa sauti mezani? Au shangazi Zélica aliichomoa nyuma ya saa ya ukutani, pale unapozichomeka zote ukidhani hakuna anayejua? Nataka kujua nikikuandikia naandikia watu wangapi.

Corinne


Pointe-Ozite, 30 Januari 1966

Corinne,

Sijampa mtu barua yako. Sijaisoma kwa sauti. Zélica nimemuuliza, akalia, na kulia kwa Zélica hakunipi jibu, maana hulia hata kuku akifa.

Sikuandika Noeli kwa sababu nilikaa peke yangu na kuku mzima wa kuoka, na sikuona la kuandika. Kwenye kikao cha Beauvoir sikuchukuliwa. Lori la Onésime lilijaa, walisema. Niliwaona wakipita, nafasi ya mtu mmoja ilikuwepo.

Huko unaonywa kwa ajili yangu, huku natengwa kwa ajili yako. Sasa unaniuliza kama mwizi. Ikiwa huniamini, pumzika kuniandikia.

Exélia


Pointe-Ozite, 20 Machi 1966

Corinne,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua nilikuambia upumzike, na umepumzika kweli. Lakini kuna jambo limetokea, na sina mwingine wa kumweleza.

Alhamisi ilikuwa Nusu-Kwaresima, siku ya watu kupita na vinyago wakisiwe majina. Sikutegemea mtu. Ghafla jioni naona Onésime na kamati yake yote mlangoni, na Zélica na sufuria ya mchuzi wa kuku. Onésime akasema, "Jiko lako ndilo kubwa, Exélia. Watu wasije wakasema tumemtupa mjane wa Fidèle." Nikajua wamekuja kunichungulia. Lakini siku kama ile humfukuzi mtu, kwa hiyo nikaongeza viti.

Wenye vinyago wakaingia wanne. Wa kwanza tulimjua kwa kikohozi kabla hajakaa. Wa pili alivaa gauni la mkewe na viatu vyake mwenyewe, huyo hakuhitaji hata kukisiwa. Wa tatu alicheka. Wa nne alivaa gunia la unga kichwani lenye matundu mawili, koti la kiume mpaka magotini, na glavu za sufu ambazo hakuzivua. Wale watatu wakasema walikutana naye njiani, akajiunga tu, kama watu wanavyojiunga. Tulimkisia majina yote ya pwani hii. Anatikisa kichwa tu, hatoi hata mguno.

Onésime akaanza. "Huyu si wa kwetu," akasema. "Huyu katumwa. Wanataka kujua tutakachomwambia mbunge atakapotupingia hii ramani Ottawa." Halafu akanigeukia mimi. "Au shemeji anamjua? Labda ni mjumbe wa bintiye."

Nilikuwa nimechoka, Corinne. Miezi minne ya kutazamwa mgongoni. Nikasema kwa sauti, wote kumi na mmoja wakisikia, "Mimi sina binti Fredericton. Aliyechora ule mstari si wangu."

Yule wa gunia akainuka. Nilidhani anaondoka. Akaenda kwenye jiko, maana moto ulikuwa unafifia na sote tulikuwa tumeusahau kwa ubishi, akatia gogo, akasimama kidogo. Onésime akanyoosha mkono kulivuta gunia. Zélica akampiga mkono ule kwa mwiko wa mchuzi, paa! "Tangu lini?" akasema. "Tangu lini Pointe-Ozite mtu asiyetambuliwa akavuliwa kwa nguvu? Umeshindwa kumjua, mpe peremende yake umfungulie mlango. Baba yetu angekuona angekucharaza."

Basi nikampa peremende. Akaipokea kwa mikono miwili, akatoka. Barabara ilikuwa nyeupe na hakuna aliyemfuata.

Onésime anasema ni jasusi wa tume. Wengine wanasema ni mtu wa Hardcastle. Mimi nashangaa jasusi gani anatia kuni kwenye jiko la watu.

Wewe Alhamisi ulikuwa wapi?

Mama yako


Fredericton, 27 Machi 1966

Mama,

Shikamoo. Asante kwa kuniandikia. Nimefurahi kwamba mlisherehekea.

Alhamisi nilikuwa ofisini mchana kutwa, na jioni nililala mapema kwa homa. Mwenye nyumba wangu anaweza kushuhudia. Huyo mgeni wenu simjui. Huenda alikuwa mtu aliyepita njia tu, akaona taa na watu, akatamani kukaa kidogo penye joto. Mwambie baba mdogo awe na amani, mtu kama huyo hana alichokwenda kuiba. Na ulichokisema mbele yake, yeye ameshakisahau, nina hakika.

Kazi inakaribia kwisha. Pingamizi la mbunge wenu linasikilizwa baada ya Pasaka. Usitegemee sana, mama.

Jitunze goti. Na kuni usiziinamie mwenyewe, mwite mtu akuwekee karibu. Naona ile bawaba ya baba mdogo haikudumu.

Mwanao,
Corinne


Pointe-Ozite, 19 Juni 1966

Corinne wangu, mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Goti zima, kuku wazima, na mimi mzima kuliko nilivyokuwa tangu vuli. Na wewe? Ile homa yako ya Alhamisi imepona?

Sikukujibu Machi kwa makusudi. Niliichukua barua yako, sikuichomeka nyuma ya saa, niliishona ndani ya godoro. Nikangoja. Jana redio imesema ramani imepita na pingamizi letu limetupwa. Sisi ni Hardcastle. Basi kiapo chako kimekwisha, hakuna wa kukufukuza, na mimi naweza kuandika.

Ile bawaba ilivunjika Jumanne, siku mbili kabla ya Nusu-Kwaresima. Sikumwandikia mtu. Onésime mwenyewe hakujua mpaka leo hii, maana ningemwambia angekuja na nyundo na hotuba. Sijui kama kalamu ilikuponyoka au ulitaka nijue. Hata hivyo nilikuwa nimeshajua.

Sitaki kukudanganya kwamba ilikuwa hila ya kuwapumbaza akina Onésime. Nilipofungua mdomo kusema sina binti, nilikuwa namaanisha. Halafu ukainuka, ukatia gogo, kifuniko cha sanduku kikaachama, nawe ukakipiga kwa kisigino nyuma yako bila kutazama, kama ulivyokuwa ukikipiga tangu una miaka sita. Nilibaki na birika mkononi. Mama amekukana mbele ya watu, na wewe unaangalia moto wake usizime! Nilikujua, Corinne, na sikuliita jina lako. Nusu yangu iliogopa kazi yako. Nusu nyingine iliwaogopa wale waliokaa kwenye viti vyangu, na nusu hiyo ndiyo imeninyima usingizi mpaka leo.

Nilipopata barua yako ya Machi, Zélica alinikuta naisoma kwa mara ya pili. Sikumwonyesha. Akasema tu, "Ni mzima?" Nikasema, "Nani?" Akasema, "Exélia, acha utoto. Mimi nilimjua alipopiga sanduku kisigino. Unadhani nilimpiga Onésime mwiko kwa ajili ya desturi?" Tukacheka wote wawili mpaka akashika ubavu. Miezi yote hiyo nilimshuku kwa barua zako, naye alikuwa ameifunga siri yako mdomoni, huyu Zélica ambaye hajawahi kufunga kitu mdomoni.

Na barua haikuibwa. Nilimbana Onésime Pasaka, akiwa na mdomo umejaa nyama. Ile habari ya robo ilikuwa kwenye gazeti lilelile la ramani, ukurasa wa pili. Alikutaja wewe ili jaji aone kwamba na sisi tuna mtu wetu ndani. Nikamwambia, "Ulikaribia kumtoa huyo mtu wetu nje." Akaimeza nyama bila kutafuna, nami nilifaidi sana kumwona hivyo.

Leo baada ya misa nimesimama kwenye ngazi za kanisa. Watu walikuwa wanalalamika juu ya ile habari ya redio. Nikasema, "Yule wa gunia alikuwa binti yangu. Nilisema sina, nami nilisema uongo mbele yenu, kwa hiyo naufuta mbele yenu. Alikatazwa kuja, akaja. Mstari waliouchora wenye meza kwenye tume ulikuwa unapita katikati ya kijiji. Yeye ndiye aliyejua kwamba pana kijito, akausogeza huko." Bibi mmoja akaniuliza kama hilo la kijito ni la kweli. Nikamwambia akatazame ramani, bila kijito angekuwa jikoni kwake Hardcastle na kitandani Beauvoir. Wachache wamecheka. Wengine wamepita bila kunisalimu, na Onésime ni mmoja wao, lakini alipofika kwenye lori aligeuka, akasema, "Kumbe ndiyo maana hakuongea. Sauti yake ningeijua." Kwa Onésime huko ni karibu na kuomba radhi. Asiyetaka kuniamini atabaki na shaka yake; siwezi kuzunguka nyumba kwa nyumba.

Nimevuka kijito mchana kumpelekea baba yako habari. Nimetoka Hardcastle nikaingia Beauvoir bila kulowesha viatu. Nimemwambia tumehamishwa, na kwamba mtoto wake ndiye aliyechora, na kwamba kachora vizuri. Sikubaliani na mstari ule, nitaupinga mpaka nife, na tume ijayo wakija baada ya miaka kumi watanikuta mlangoni. Lakini hayo ni ya jimbo. Wewe si jimbo.

Njoo kwa sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, Agosti. Shuka kwenye basi mbele ya duka, mchana, watu wakiwa wamejaa. Usijifunike kitu. Mwenye kununa anune akikutazama usoni. Uje moja kwa moja, usibishe hodi, na ukikuta moto unafifia, tia kuni.

Onésime ameshasikia leo kwa Zélica kwamba bawaba imevunjika. Nimemkataza kuigusa.

Mama yako,
Exélia